Masharubu ya Jurandir

Nilimkuta Jurandir kwenye kiti cha Quirino kinyozi, povu limemjaa mpaka masikioni, nikajua papo hapo kwamba anataka kunyoa masharubu. Ilikuwa Jumatano, saa moja na nusu asubuhi, mtaani kwetu Piedade. Saa nane mchana alitakiwa awe studio, katikati ya Rio, kurekodi santuri ya kwanza maishani mwake yenye jina lake juu. Mpuliza tromboni mwenye akili timamu hanyoi masharubu siku kama hiyo. Lakini Jurandir hakukosa akili, alikosa mwalimu, na mwalimu pekee aliyekuwa karibu asubuhi ile nilikuwa mimi.

Kwa asiyepuliza, nieleze kidogo. Tromboni haitaki mapafu tu, inataka mdomo wa juu. Kile kikombe cha chuma unakibandika mdomoni mahali pale pale kila siku, miaka nenda miaka rudi, mpaka ngozi inapajua kama mguu unavyoijua ngazi ya nyumbani. Kama una masharubu, mdomo umejifunza pamoja nayo. Ukiyanyoa ghafla, kikombe kinateleza, nusu saa tu mdomo umechoka na kuvimba, na itakuchukua wiki tatu au nne kujifunza upya. Bendi ya zimamoto, nilikopuliza miaka kumi na moja, ilikuwa na sheria yake: kuanzia mwezi mmoja kabla ya gwaride, hakuna kunyoa wala kufuga. Mwenzetu mmoja alinyoa wiki ya gwaride akafungiwa siku nne kambini, na hakuna aliyemwonea huruma.

Jurandir hakupitia bendi yoyote ya namna hiyo. Tromboni aliijulia kwenye ukumbi wa dansi, kwa sikio, akiwa na miaka kumi na minane, na masharubu alikuwa nayo tayari. Hakuwahi kugusa kikombe kwa mdomo mtupu hata siku moja.

Aliyemtaka anyoe ni Fontoura, mtayarishaji wa santuri. Picha ya jalada ilikuwa ipigwe saa nne asubuhi kwenye majabali ya Arpoador: shati jeupe, miguu pekupeku, bahari nyuma. Bossa nova siku zile ulikuwa muziki wa vijana wa ufukweni, wale wanaoimba kama wanaogopa kumwamsha mtoto, na Fontoura aliona masharubu yale mazito yananuka ukumbi wa dansi na treni ya kwetu. Mwenyewe hakumwambia hivyo. Alimwambia tu kwamba bila masharubu angeonekana kijana zaidi, na Jurandir, ambaye alikuwa na miaka thelathini na minne, akaona ni ushauri wa mtu anayemtakia mema.

Aliponiona kwenye kioo alitabasamu ndani ya povu.

"Kompadre, umekuja wakati mzuri," akasema. Tunaitana kompadre kwa sababu mimi ndiye niliyemshika binti yake, Jussara, siku ya ubatizo. "Hivi nikiyatoa haya, mdomo hautanisumbua leo?"

Quirino aliinua wembe akasubiri. Redioni mtu alikuwa anatangaza sabuni. Nilikuwa na muda wa kusema kweli, tena ningeweza kuisema mara mbili.

"Mdomo ni mdomo," nikasema. "Nyoa."

Msinitafutie udhuru. Ulimi haukuteleza. Mimi ndiye niliyemfundisha Jurandir kusoma muziki kwenye karatasi, Jumapili baada ya Jumapili, kwenye meza ya jikoni kwao, Iracy mkewe akituletea kahawa. Mimi na yeye tulikaa viti vya jirani kwenye okestra ya ukumbi wa dansi miaka tisa. Fontoura alipokuja kutusikiliza alimchagua yeye. Mimi aliniambia napuliza sawasawa. Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, silimezi wala silitemi. Halafu jana yake jioni Fontoura alinipigia simu kwenye duka la mikate la pembeni, simu yetu sote, akaniomba nije studio na tromboni yangu nikae tu. Jurandir anasoma pole pole, akasema, na ikitokea amekwama, ni vizuri awepo mtu.

Kwa hiyo wembe wa Quirino uliposhuka, nilijua saa tisa mchana nani atakuwa amesimama mbele ya maikrofoni. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na asubuhi ile mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwa Jurandir.

Nilimsindikiza mpaka Arpoador. Lazima nikiri kwamba alipendeza. Alisimama juu ya jabali, nyayo zikiungua, tromboni begani, na mpiga picha akawa anamwambia atazame mbali. Kila mara alijipapasa mdomo wa juu kwa kidole, akacheka, akasema anahisi upepo mahali ambapo hakuwahi kuuhisi. Nikacheka naye. Hakupata nafasi ya kupuliza hata noti moja, kwa kuwa mpiga picha alikuwa na haraka na sisi tulikuwa na njaa. Tulikula mkate wa siagi na kahawa tumesimama kwenye kaunta, tukashika basi la mjini.

Studio ilikuwa chumba cha chini kisicho na dirisha. Taa nyekundu ikiwaka, feni inazimwa, maana maikrofoni inausikia mvumo wake, na watu wanatoka jasho kimya kimya. Wote walipiga kwa pamoja: piano, gitaa, besi, ngoma na tromboni. Akikosea mmoja wanarudia wote. Saa kumi na moja chumba kilikuwa cha watu wengine. Fontoura alilisema mbele yetu sote, bila kupepesa macho: nyimbo nne za leo wakubwa wake watazisikiliza kesho asubuhi, na zisipokuwepo, hakuna santuri. Hakuongeza kwamba mpuliza tromboni wa Piedade hapewi nafasi ya namna hiyo mara mbili. Kila mtu mle ndani alilijua hilo, na Iracy zaidi. Alikuwa amekuja na gauni lake la kanisani, amekaa nyuma ya kioo karibu na fundi wa sauti, mkoba ameupakata kwa mikono miwili.

Wimbo wa kwanza aliutunga Heitor, mpiga piano, kijana mwembamba asiyependa kuongea. Ulianza na tromboni peke yake. Noti moja, juu, laini, inashikwa muda mrefu, halafu ndipo ngoma inaingia chini yake kwa brashi. Heitor aliiandika noti ile kwa ajili ya Jurandir, baada ya kumsikia akiishika ukumbini mpaka wachezaji wakasimama.

Taa ikawaka. Jurandir akavuta pumzi, akabandika kikombe, na noti ikatoka na mchanga ndani yake.

Alisimama mwenyewe, akaomba radhi, akacheka kidogo. Mara ya pili noti ilitoka safi, kisha ikateleza kabla ngoma haijaingia. Mara ya tatu ilipasuka. Sijui kama mmewahi kusikia tromboni ikipasuka karibu na maikrofoni nzuri. Fundi wa sauti alivua vipokea sauti vya masikioni akavitazama.

Hapo Jurandir akafanya lile ambalo kila asiyefundishwa hulifanya: akakandamiza. Kikombe kikiteleza, unakisukuma mdomoni kwa nguvu ili kikae. Kinakaa kweli, kwa dakika kumi. Alipiga nusu ya wimbo namna ile, shingo imemvimba, jasho likimtiririka puani, na ile nusu ilikuwa nzuri kiasi kwamba Heitor alianza kuitikia kwa kichwa. Mimi kwenye kiti changu cha pembeni nilijikuta naomba afike mwisho. Nawaambia ukweli: niliomba afike, na wakati huo huo mkononi nilikuwa nimekishika kikombe changu, nakipasha moto kwa kiganja. Moyo wa mtu ni msitu, na wangu siku ile ulikuwa na wanyama wawili.

Hakufika. Mara ya sita, mara ya saba. Saa tisa na robo alitoa tromboni mdomoni na mdomo wa juu ulikuwa umeumuka kama mkate, na pembeni kulikuwa na damu. Kijana wa ngoma aliweka brashi chini akainamisha macho. Jurandir akajifuta kwa leso, akaitazama leso, akamwomba Fontoura dakika tano.

"Dakika tano haziutibu mdomo huo," Fontoura akasema kupitia spika ya ukutani. Halafu sauti yake ikageuka upande wangu. "Waldemiro, jitayarishe."

Iracy alitoka nyuma ya kioo kabla sijasimama. Hakuwa na haja ya kujua lolote kuhusu tromboni, alinijua mimi. Alimtazama mumewe, akautazama ule mdomo mtupu, akaitazama tromboni yangu iliyokuwa nje ya sanduku lake, mrija umeshapakwa mafuta.

"Umepuliza zimamoto miaka kumi na moja," akaniambia pole pole. "Mlikuwa na masharubu huko, au mlikuwa watoto wa shule?"

Feni ilikuwa imezimwa bado. Nilifungua kinywa na sijui hadi leo nilitaka kusema nini, maana Jurandir alinitangulia.

"Nilimuuliza asubuhi kwa Quirino," akasema. Maneno yalimtoka kwa taabu, mdomo haukuwa wake tena. "Naye hakujua. Angejua angeniambia. Kaa, Iracy."

Iracy hakukaa. Alirudi nyuma ya kioo akasimama, akanikazia macho mchana wote uliobaki, na kusema kweli alikuwa na haki.

Nikaenda mbele ya maikrofoni. Jurandir alinisogezea kinara cha karatasi kikae kimo changu, kwa kuwa mimi ni mfupi, akachukua kiti akakaa ubavuni kwangu anifungulie kurasa. Fontoura alimwambia anaweza kwenda kupumzika. Akasema yuko sawa pale alipo.

Taa ikawaka, nikapuliza ile noti.

Ningependa kuwaambia kwamba Mungu alinipiga kofi, kwamba ilipasuka na mimi pia. Haikupasuka. Ilitoka laini kuliko noti yoyote niliyowahi kupuliza, kwa sababu niliogopa. Nilimwogopa aliyekaa ubavuni, nikapuliza kama mtu anayepita nyumba ya wafiwa, na kumbe ndivyo muziki ule ulivyotaka kupigwa. Ngoma ikaingia chini yangu, gitaa likafuata, na mimi nikabaki nyuma yao kidogo, siwakimbilii, siwaachi. Nilipofika mahali pa kujibunia noti mwenyewe nilifunga macho. Jurandir alifungua ukurasa na sikusikia hata karatasi ikilia.

Tulipomaliza, Heitor alikaa na mikono juu ya piano mpaka taa ikazimwa. Fontoura hakuomba turudie. Zile tatu zilizobaki tulizimaliza kabla ya saa kumi na moja.

Ndipo likaja pendekezo. Fontoura alituita sisi wawili nyuma ya kioo, akafunga mlango, Iracy akiwa ndani maana hakuna aliyethubutu kumtoa. Akasema mambo ni mepesi. Picha nzuri ya Jurandir tunayo. Jina la Jurandir magazeti yameshalitaja. Waldemiro amepuliza vizuri, atalipwa kama mpigaji wa siku, na jaladani libaki jina lile lile. Mdomo utapona, Jurandir ataujifunza wimbo, nani atajua?

Nilifurahi. Hilo nalo liandikwe. Nilifurahi kwa sababu ilikuwa njia ya kulipa bila kukiri: santuri yake anaipata, mimi narudi kwenye kiti changu cha jirani, na asubuhi ya kwa Quirino inazikwa. Nikasema kwa upande wangu sina neno. Kama panya, niliuma, sasa nilikuwa napuliza.

Iracy alimshika mumewe mkono. Hakumwambia kubali wala kataa, ila nilimwona alivyomshika. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na mvua iliingia kimoja. Jussara alikuwa aanze shule Machi. Jurandir alijua kuliko mimi anachokitupa.

"Andika jina la aliyepuliza," akasema.

Fontoura akajaribu tena, akamweleza juu ya redio, juu ya safari za São Paulo na Buenos Aires, juu ya mikataba. Jurandir alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu zake zote, akalisema neno lile lile, akafunga sanduku lake, akamwambia Iracy watawahi treni ya saa kumi na mbili.

Santuri ilitoka Novemba. Jaladani nipo mimi, juu ya jabali lile lile, miguu pekupeku. Masharubu sikuwahi kuwa nayo. Mnaonijua mnanijua kwa sababu ya noti ile: tromboni inayonong'ona, waliandika, na jina likanikaa. Nimerekodi santuri kumi na moja tangu hapo, nimepiga Mexico na Japani, na vijana wanaokuja nyumbani wananiuliza ule upole niliupata wapi. Nawaambia ni zimamoto. Wanacheka wanadhani natania.

Nilikaa na jambo lile miezi mitano. Nilikuwa nakwenda kwao Piedade na zawadi, Iracy anazipokea mlangoni bila kunikaribisha ndani. Februari, Jumapili ya mazoezi, nikapiga moyo konde nikaenda ukumbini mchana kabla watu hawajaanza kuingia. Jurandir alikuwa peke yake jukwaani ananyunyizia maji mrija wa tromboni. Masharubu yalikuwa yamerudi yote. Nilimkuta akipuliza kidogo, na ile sauti yake kubwa, ile inayojaza ukumbi mpaka kwenye vyoo, ilikuwa imerudi pia.

Sikukaa. Nilimwambia nimesimama.

"Kwa Quirino nilikudanganya. Nilijua."

Akaendelea kunyunyizia. "Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu noti ya kwanza pale studio. Miro, miaka tisa sijawahi kukuuliza kitu cha tromboni ukanijibu chini ya nusu saa. Siku ile ulinipa maneno manne."

Nikamuuliza kwa nini basi alinitetea mbele ya Iracy. Akasema Iracy angenifukuza na mimi ningetoka, kisha Heitor angerudi nyumbani na wimbo wake mkononi, naye kosa lake lilikuwa nini. Alilieleza bila hasira, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. Hapo ndipo machozi yalinitoka. Ningependelea ngumi, na nilimwambia hivyo.

"Na jina je?" nikasema. "Ulijua nimekuibia, ungeweza kulichukua. Lilikuwa lako."

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeulizwa swali asilolielewa.

"Kwani nilipuliza mimi?"

Mpiga besi aliingia akatusalimia, akaanza kufungua kamba za ala yake. Nikamuuliza Jurandir kwa sauti ya chini kama atanisamehe. Alikausha mrija, akaukausha tena.

"Jussara anakuulizia kila Jumapili," akasema. "Njoo ule, Iracy nitaongea naye. Ila tromboni usije nayo. Mbele yangu usipulize tena."

Hiyo ni miaka ishirini na miwili iliyopita. Jumapili nakula kwao, wali na maharage, na baada ya chakula yeye huchukua tromboni yake akatupigia, na binti na wajukuu wanacheza. Mimi nakaa na mikono mapajani.